Nebula ya Jabari: Makaa Chini ya Majivu

Mwishoni mwa Januari, yapata saa nne usiku, toka nje pasipo na taa utazame juu. Kwetu Afrika Mashariki utaona, karibu na utosini, nyota tatu zilizojipanga mstari: huo ndio mkanda wa Jabari, kundi la nyota liitwalo Orion kwa Kiingereza. Kusini kidogo ya mkanda kuna upanga wake, na nyota ya katikati ya upanga ina ukungu. Ukungu huo ni Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, ambamo nyota zinazaliwa hadi leo.

Wageni wakiitazama kwa darubini huuliza mbona ni ya kijivu ilhali pichani ni nyekundu. Jicho gizani halitambui rangi vizuri. Kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu. Wekundu ule ni wa kweli. Ni haidrojeni inayong'aa kwa miali ya urujuanimno itokayo hasa kwenye moja ya nyota nne changa zilizobanana katikati.

Lakini hapo tumeona ukumbi tu. Nyuma yake limetanda wingu zito, jeusi, ambalo chembe zake za vumbi huuzuia mwanga wa kawaida. Infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao tunauhisi kama joto, ina mawimbi marefu zaidi, nayo hupenya.

Fikiria jiko la mkaa usiku, makaa yamefunikwa na majivu. Macho yanasema moto umezimika. Sogeza kiganja, utaujua upo. Nyota changa nayo hulipasha moto vumbi lililoifunika, na vumbi hilo hutoa infraredi. Ndivyo wanaastronomia Eric Becklin na Gerry Neugebauer walivyogundua, katika miaka ya 1960, kitu chenye infraredi kali pale ambapo picha za kawaida hazikuonyesha kitu. Ni nyota kubwa, bado imo ndani ya vumbi lake.

Mvuke wa maji katika hewa yetu humeza sehemu kubwa ya infraredi, ndiyo maana darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nyuma ya ngao ya kuikinga na jua. Isingekuwa baridi sana, joto lake lenyewe lingefunika kinachotafutwa. Rangi za picha zake huchaguliwa na wataalamu, kwani infraredi haionekani: mawimbi mafupi hupewa buluu, marefu nyekundu. Huo si udanganyifu, ni tafsiri yenye kanuni.

Mimi huziweka picha mbili za nebula hii sambamba, ya mwanga wa kawaida na ya infraredi. Naanzia kwenye zile nyota nne, kisha nasogea kidogo kaskazini-magharibi. Katika mwanga wa kawaida kuna ukungu tu. Katika infraredi, kutoka mahali palepale, vidole vya gesi vimetawanyika kila upande, vilivyorushwa na mlipuko uliotokea ndani ya vumbi.