Kiendeshaji cha kupanga matukio katika uchakataji wa pakiti

Kiendeshaji cha kupanga matukio ni programu inayoiunganisha maktaba ya kuchakata pakiti, kama vile DPDK, na sehemu ya maunzi inayoamua kila pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inayoingia ishughulikiwe na kiini kipi cha kichakataji. Katika vichakataji vya OCTEON TX, ambavyo asili yake ni kampuni ya Cavium iliyonunuliwa na Marvell mwaka 2018, sehemu hiyo ya maunzi huitwa SSO (Schedule/Synchronize/Order).

Tukio, yaani kazi moja inayosubiri kupewa kiini, katika DPDK ni rekodi ya baiti 16. Nusu ya kwanza hutaja foleni, kipaumbele, namba ya mkondo (mfululizo wa pakiti zinazohusiana, kama za muunganisho mmoja) na aina ya upangaji. Nusu ya pili kwa kawaida hubeba anwani ya pakiti ndani ya kumbukumbu. Kila kiini hupokea matukio kupitia poti yake.

Aina ya upangaji ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza. Katika upangaji wa atomiki, matukio ya mkondo mmoja yaliyo katika foleni moja hayatolewi kwa viini viwili kwa wakati mmoja, hivyo programu inaweza kubadilisha taarifa za mkondo huo, tuseme kwenye jedwali la NAT (ubadilishaji wa anwani za mtandao), bila kutumia kufuli la kuzuia viini vingine. Lakini mkondo mmoja ukiwa mzito mno, utakibana kiini kimoja huku vingine vikikosa kazi. Kwa kazi nzito kama usimbaji fiche, upangaji wa mfuatano hufaa zaidi: viini vingi hushughulikia mkondo uleule kwa pamoja, na maunzi huzirudisha pakiti katika mpangilio wake wa awali zinapopelekwa foleni inayofuata. Upangaji sambamba hautoi dhamana yoyote kati ya hizo.

Katika Linux, usanidi huanza kwa kutenga kurasa kubwa za kumbukumbu na kuvikabidhi vifaa pepe vya SSO kwa vfio-pci, kiendeshaji cha Linux kinachoruhusu programu ya kawaida kutumia kifaa moja kwa moja. Idadi ya vifaa hivyo ndiyo ukomo wa foleni na poti, kwa hiyo programu huuliza kwanza uwezo uliopo, kisha huandaa foleni na poti, huziunganisha, na ndipo huwasha kifaa. Poti isiyounganishwa na foleni yoyote haipati kazi, hata kama hakuna kosa lililoripotiwa.

Kadi ya mtandao nayo huunganishwa kupitia adapta ya upokeaji. Maunzi yakiweza kuingiza pakiti moja kwa moja kwenye SSO, hakuna kiini kinachohitajika kwa kazi hiyo. Yasipoweza, ni lazima kiini kimoja kitengwe ili kisome pakiti na kuziingiza kwenye foleni.