Je, wajua kwa nini sinema za zamani ziliitwa Odeon, Empire na Majestic?

Mtu aliyeishi Dar es Salaam ya zamani atakutajia Empire, Avalon, Odeon na Empress bila kusita. Zanzibar, pale Vuga, liko jumba la Majestic. Lililolitangulia liliitwa Royal, likaungua, likajengwa upya miaka ya 1950. Ukiyapanga majina hayo utaona ajabu moja: hakuna hata moja linalotaja picha. Yanataja dola, mke wa mtawala mkuu, ufalme, na kisiwa cha hadithi za Mfalme Arthur.

Chanzo chake ni sifa mbaya ya sinema za mwanzo. Picha za kwanza zilionyeshwa kwenye mahema na maduka yaliyopangwa mabenchi. Mkanda ulitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, kitu kinachodaka moto upesi na kikishawaka hakizimiki hata kwa kukitosa majini, maana kinatoa chenyewe oksijeni ya kuulisha moto. Mei 1897 jijini Paris, moto ulioanzia kwenye taa ya projekta uliua watu 126 katika soko la hisani. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1909: projekta ikae kwenye chumba chake kisichopitisha moto. Vibanda vingi havikuweza kutimiza sharti hilo, wenye mitaji wakajenga majumba hasa. Kazi ikabaki kumshawishi mtu wa heshima aingie mahali alipozoea kupadharau, na jina lilikuwa la kwanza kumsemesha.

Mwanzoni waliringia umeme. Birmingham ilipata sinema ya Electric mwaka 1909, na mtaa wa Portobello Road, London, ikapata ya kwake mwaka 1911. Nyumba nyingi bado zilikuwa za taa ya gesi au mafuta, kwa hiyo neno hilo pekee lilikuwa tangazo.

Majina mengine yalirithiwa. Katika Leicester Square, London, Empire ilikuwa jumba la muziki na vichekesho tangu 1884. Jirani yake, Alhambra, lilijengwa mwaka 1854 kuonyesha maajabu ya sayansi, kwa umbo la Kimori, yaani la majengo ya Waislamu wa Hispania ya kale. Biashara hiyo ikafa, na mwaka 1858 likapewa jina la ngome ya Granada, Hispania. Asili yake ni Kiarabu, al-hamra, nyekundu. Anayeijua hamra ya Kiswahili hahitaji kamusi. Picha za kutembea zilipofika London mwaka 1896 zilionyeshwa humo humo, kama kipande kimoja kati ya waimbaji na wanasarakasi. Majumba ya aina hii yalipogeuzwa sinema, bango la mlangoni halikuguswa, na wajenzi wapya kwingineko wakaiga wakidhani ndivyo sinema inavyoitwa.

Odeon ndilo lililosafiri kuliko yote. Wagiriki waliita oideion jengo la kuimbia, tena lenye paa, tofauti na ukumbi wa michezo uliokuwa wazi. Paris ikalichukua kwa ukumbi wake wa maigizo karne ya 18. Mwaka 1905, Pittsburgh, Marekani, wafanyabiashara wawili walilibandika kwenye kiingilio: sarafu ya senti 5 iliitwa nickel, basi sinema yao ikawa Nickelodeon. Oscar Deutsch wa Birmingham alifungua Odeon yake ya kwanza yenye jina hilo Perry Barr mwaka 1930. Mabingwa wake wa matangazo walidai herufi hizo ni ufupisho wa sentensi ya Kiingereza inayosema Oscar Deutsch analiburudisha taifa letu. Werevu mtupu, jina lilikuwa tayari milangoni Ufaransa na Italia. Mwaka 1936 Alhambra ilibomolewa, na mwaka uliofuata Odeon ikasimama juu ya kiwanja kile kile.

Ufupi nao ulikuwa na faida. Bango la sinema mara nyingi lilisimama wima ukutani, herufi moja juu ya nyingine, kila moja na taa zake. Jina refu lililazimisha herufi ndogo, na mpita njia wa mbali asisome kitu. Ndiyo maana Rex, yaani mfalme kwa Kilatini, lilipendwa. Hali kadhalika Ritz, lililotoka kwenye hoteli za Mswisi César Ritz.

Roxy ndilo linalochekesha. Wengi hudhani ni neno la fahari. Ni jina la utani la Samuel Rothafel, Mmarekani ambaye jumba la New York lililobeba jina lake lilifunguliwa Machi 1927 likiwa na viti karibu 6,000. Lilibomolewa mwaka 1960, lakini wakati huo Roxy zilikuwa zimezagaa duniani, nyingi zikiwa hazina uhusiano wowote naye.

Nairobi nako sinema ya Odeon ilishafungwa. Makondakta wa matatu bado wanaita abiria kwa jina hilo, maana Odeon sasa ni steji, yaani kituo cha matatu.