Acheni kuinywesha kaktasi kwa kijiko

Juzi nimeletewa mgonjwa mwingine: kaktasi, ule mmea wa miiba, ya ukubwa wa ngumi, imesinyaa, ubavu mmoja umebonyea ndani. Sijauliza kitu, mwenyewe akaanza, "Kaka, naipa kijiko kimoja tu kila Jumapili, kama nilivyoambiwa." Hilo nimelisikia mpaka nimechoka.

Tuliitoa chunguni palepale mezani. Juu udongo umelowa kina cha ukucha. Chini yake vumbi tupu, na mizizi ukiigusa inakatika kama uzi uliooza. Hivyo ndivyo kijiko kinavyoua. Maji hayafiki chini, vizizi vinavyonyonya vinakauka na kufa. Siku mwenyewe akiingiwa na huruma, anamwaga jagi zima. Mizizi ya kunywa haipo tena, maji yanatuama, shina linaoza. Lawama zote zinaenda kwa jagi!

Huko Mexico zinakotoka kaktasi nyingi, mvua hainyeshi kwa kijiko. Inalowesha ardhi, kisha jua linawaka wiki nyingi. Nawe mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, halafu usiguse mpaka udongo ukauke hadi chini. Chomeka kijiti cha mshikaki. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, subiri. Chungu kisicho na tundu, toboa au tafuta kingine. Mchanga wa mtoni na kokoto ndogo ziwe nusu ya udongo wa chungu au zaidi.

Baada ya siku ngapi? Hapo ndipo mnaponikaba. Hapa Dar, chungu kilekile Januari hukauka kwa siku 8, masika kinamaliza wiki 3. Na kijiti nacho si msahafu: masika iliyopita kilitoka kikavu, nikamwagilia, Mammillaria yangu (aina ya kaktasi) ya miaka 6 ikaoza. Nashuku ile hewa nzito: mmea haupotezi maji, basi haunywi. Siku hizi masika kaktasi zangu naziacha na kiu, ingawa sina raha nazo zikisinyaa.

Na ule ushauri wa kuiweka "dirisha la kusini" ni wa Ulaya. Kwetu jua la saa sita liko karibu na utosi, dirishani haliingii vya kutosha. Weka dirisha la mashariki, la sivyo itarefuka na kuchongoka kama mkia wa panya.

Yule mgonjwa nimemkata mizizi iliyokufa. Amelala kivulini juu ya gazeti, kidonda kinakauka. Wiki ijayo naipanda kwenye mchanga mkavu.