Mwenye mpira na mwenye sheria: msimu wa kwanza wa NHL, 1917–18

Mtoto yeyote aliyewahi kucheza chandimu anaijua sheria hii isiyoandikwa popote: mwenye mpira akinuna, mchezo umekwisha. Anautia mpira wake kwapani, huyoo, kwao.

Mwezi Novemba 1917, mjini Montreal nchini Kanada, watu wazima waliovaa suti walifanya kinyume chake. Walikuwa wamemchoka mwenzao mmoja, Eddie Livingstone, mwenye timu ya Toronto, kwa ubishi na kesi zake. Katiba ya ligi yao haikuwapa njia ya kumfukuza. Basi tarehe 26 wakakutana katika hoteli ya Windsor, wakaanzisha ligi nyingine kabisa, na Livingstone wakamwachia ile ya zamani, abaki nayo peke yake. Wachezaji wake wengi wakaingia katika timu mpya ya Toronto iliyosimamiwa na kampuni yenye uwanja. Ligi hiyo mpya ndiyo NHL, ambayo leo ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika mpira wa magongo wa barafuni. Ilizaliwa kwa ugomvi, na ni vizuri watoto wakajua hivyo.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo wenyewe: wachezaji huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma kama kisu chini ya soli, wakateleza juu ya barafu kwa kasi kuliko mtu anayekimbia. Hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cheusi kigumu cha raba kinachopigwa kwa gongo, na golini yupo golikipa ambaye zama zile hakuwa hata na kinyago cha kulinda uso. Msidhani kwamba ni mchezo wa nchi za baridi tu. Nairobi kuna hoteli kwenye Barabara ya Mombasa iliyojengewa uwanja mdogo wa barafu ndani, na humo ndimo wachezaji wa Ice Lions ya Kenya walijifunzia.

Turudi Kanada. Timu zilikuwa nne: Canadiens na Wanderers za Montreal, Ottawa, na Toronto. Michezo ya kwanza ilifanyika usiku wa tarehe 19 Desemba. Wanderers waliifunga Toronto 10–9. Mabao 19 katika mchezo mmoja! Dave Ritchie wa Wanderers ndiye aliyefunga la kwanza katika historia ya ligi. Waliokuja kutazama walikuwa kama 700 tu, ingawa askari waliovaa sare waliingia bure. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na vijana wengi wa Kanada walikuwa Ulaya vitani.

Usiku huohuo Canadiens waliifunga Ottawa 7–4, na matano kati ya saba yalikuwa ya mtu mmoja, Joe Malone. Malone alikuwa mchezaji wa Quebec, lakini Quebec haikuleta timu mwaka ule, wachezaji wake wakagawanywa kwa wengine. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa na mabao 44 katika michezo 20. Rekodi hiyo ilikaa hadi 1945, Maurice Richard alipofikisha 50, naye alihitaji michezo 50.

Wanderers walioshinda usiku wa kwanza hawakushinda tena. Tarehe 2 Januari 1918 uwanja wao uliteketea kwa moto, na vifaa vyao pamoja na vya Canadiens vikaungua humo. Canadiens walihamia uwanja mdogo zaidi. Wanderers, ambao tayari walikuwa hoi kwa kukosa wachezaji, walijitoa. Ligi ya timu nne ikabaki na timu tatu kabla haijatimiza miezi miwili.

Wiki moja baada ya moto, sheria ikabadilishwa katikati ya msimu, na kisa chake mimi hukipenda kuliko vyote. Golikipa alikuwa haruhusiwi kujiangusha ili kuzuia kisahani. Alitakiwa asimame muda wote, akianguka kwa makusudi anaadhibiwa. Sasa, golikipa wa Ottawa, Clint Benedict, alikuwa "anateleza" mara nyingi mno. Akipiga magoti, anajifanya anasali. Mwamuzi atamwadhibuje mtu anayesali? Rais wa ligi, Frank Calder, aliona hakuna namna ya kujua nani kaanguka na nani kajiangusha, akaifuta sheria. Tangu hapo golikipa anajiangusha atakavyo.

Toronto waliwatoa Canadiens katika mchujo wa mwisho, kisha wakasubiri wageni kutoka pwani ya magharibi, zaidi ya kilomita 4,000 kwa treni. Hao walikuwa Vancouver, mabingwa wa ligi nyingine. Zawadi ilikuwa Kombe la Stanley, lililotolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada wakati huo.

Shida ikawa moja: mashariki na magharibi hawakucheza mchezo uleule. Mashariki kila upande ulikuwa na watu sita, na ilikuwa marufuku kumpa pasi mwenzako aliye mbele yako, kama ilivyo katika raga. Magharibi walikuwa saba, huyo wa saba akizurura uwanja mzima bila nafasi maalumu, na katikati ya uwanja pasi ya mbele iliruhusiwa. Nani abadilike? Hakuna. Walikubaliana kupokezana: mchezo mmoja kwa sheria za huku, unaofuata kwa sheria za kule.

Matokeo yalikuwa haya. Kwa sheria za mashariki, Toronto 5–3. Kwa sheria za magharibi, Vancouver 6–4. Mashariki tena, Toronto 6–3. Magharibi tena, Vancouver 8–1, kipigo cha kutia aibu. Kila mmoja alishinda kwa sheria zake na kushindwa kwa za mwenzake.

Ukabaki mchezo wa tano. Mwaka ule ilikuwa zamu ya mashariki kuwa mwenyeji, kwa hiyo mchezo wa mwisho ulichezwa kwa sheria zao, tarehe 30 Machi. Corb Denneny akafunga bao la ushindi, Toronto 2–1, na kombe likabaki mjini.

Chukueni kalamu mjumlishe mabao ya michezo yote mitano. Toronto 18, Vancouver 21.