Si kumbukumbu za utotoni pekee
Wengi huamini kwamba gemu ya video ya kuteleza kwa ubao wa magurudumu (skateboard), Tony Hawk's Pro Skater, iliyotengenezwa na studio ya Neversoft ya Marekani mwaka 1999, inapendwa hadi leo kwa ajili ya muziki na kumbukumbu za utotoni tu. Sivyo. Muziki wake ni mtamu kweli, lakini kinachomnasa mchezaji ni uchezaji wenyewe. Toleo la pili, la mwaka 2000, liliruhusu kuteleza kwa magurudumu mawili tu ya ubao, hivyo mruko mmoja ukaweza kuunganishwa na mwingine, alama zikizidishwa kwa idadi ya mitindo iliyounganishwa, huku kipimo cha usawa kwenye skrini kikiyumba na mchezaji akijua kwamba akianguka, alama zote za mfululizo huo zinapotea. Na kwa kuwa raundi ni dakika 2 tu, aliyeanguka huanza upya papo hapo.