Mapafu Si Mtungi

Jumamosi iliyopita imetokea tena. Kijana mpya, siku yake ya kwanza kwa meza yetu ya Dungeons and Dragons (D&D), mchezo wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, hapa South B, Nairobi, mhusika wake ni kleriki (mtu wa dini mwenye uchawi) wa levo 1, ngazi ya chini kabisa, amefika amechelewa juu ya mvua na jam ya Mombasa Road, na kabla chai yake ipoe tayari wahusika wetu wako kwa daraja wanapigana na majambazi sita usiku. Zamu yake inafika, anaangalia karatasi, anainua kichwa, ananiangalia mimi DM, yaani mwongozaji wa mchezo, na kusema, "DM, natumia Create or Destroy Water, namjazia huyu wa mbele maji kwa mapafu." Meza yote ikashangilia. Nimekuwa DM miaka 9 na hiyo kitu nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wakili, kwa daktari ambaye mapafu anayajua kunishinda, na kila nikikataa jibu ni lile lile: "Lakini si ni uchawi bana, uchawi unaweza fanya chochote."

Hauwezi! Kwa D&D speli, yaani uchawi mmoja wenye jina lake kitabuni, inafanya kile kimeandikwa kwa maelezo yake, na mahali imenyamaza haifanyi. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipigania kuliko zingine zote na ndiyo imenifanya nikae chini leo niandike hii.

Tusome basi pamoja. Speli inasema unatengeneza maji safi hadi galoni 10, futi 30 kutoka pale ulipo, ndani ya chombo kilicho wazi. Ama uamue yanyeshe kama mvua kwa eneo la futi 30 kila upande, na hiyo mvua inazima moto ulio wazi. Basi, upande wa kutengeneza maji umeisha. Galoni 10 za Marekani ni karibu lita 38, na pale kwa korido yetu kuna mitungi miwili ya lita 20 kwa sababu maji ya mfereji huku yana siku zake, kwa hivyo nikamwita kijana nikamwambia ainue mmoja. Akainua, akaurudisha chini haraka. Nikamwambia hiyo mitungi miwili, punguza kama lita mbili hivi, ndiyo speli yako, na mapafu ya mtu mzima yakijaa kabisa yanabeba kama lita 6.

Akanijibu, "Sawa, lakini mdomo wake uko wazi, si anapiga kelele?" Na hapa ndipo meza nyingi hupotelea. Watu wanaanza kubishana kama mapafu ni chombo, kama mdomo ukifunguka koo nalo limefunguka, mwingine anatoa simu anatafuta picha ya koo, nusu saa imeenda na yule dada wa upinde bado anangoja zamu yake. Mimi hapo kwa chombo sikai tena. Naangalia kitu kingine, na natamani kila DM wa Nairobi angekiangalia: speli ikitaka kuumiza mtu inakwambia. Inataja kiumbe, mara nyingi inataja anajiokoa na sevu gani (dadu anayorusha kujiokoa) ama wewe unarusha dadu ya kumpiga, halafu inataja dadu za maumivu. Sacred Flame, mwanga wa kuunguza, ni kiumbe unayemwona, sevu ya Dexterity (wepesi wa mwili), 1d8, yaani dadu moja ya pande 8. Fireball, mlipuko wa moto, ni kila kiumbe kwa eneo la futi 20 kutoka katikati, sevu ya Dexterity, 8d6, akifaulu anapata nusu. Sasa rudi kwa maji. Kiumbe hakuna, sevu hakuna, dadu hakuna. Speli imenyamaza mara tatu, na hiyo imetosha kunipa jibu bila kuuliza mapafu ni nini.

Na si ugumu wa roho. Mchawi akifika levo 17 anapata speli za levo 9, na moja yazo ni Power Word Kill, inayoua kiumbe aliyebaki na hit points (alama za uhai) 100 ama chini, bila sevu. Levo 17 kwa meza kama yetu ni miaka ya Jumamosi. Nikikubali kleriki wa siku ya kwanza aue jambazi bila sevu kwa sloti (nafasi moja ya kurusha speli) ya levo 1, nimewaibia wale wengine wote, na wa kwanza kuibiwa ni yule jamaa wa upanga ambaye kila raundi anasimama mbele anapigwa ndio nyinyi wa nyuma mpate nafasi ya kurusha hizo speli. Huyo hana mahali pa kusema "ni uchawi bana". Upanga wake ni dadu ile ile kila siku.

Tena kunyimwa hakumaanishi speli ni mbaya. Nikamwambia kijana soma ule upande wa mvua, polepole. Akasoma. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Hawa majambazi wameshika nini?" Mienge. Binadamu sita, usiku, kwa daraja, na taa yao yote ni mienge, na kwa kundi letu kuna dwarf na elf ambao wanaona gizani. Akaita mvua. Mienge yote ikazima mara moja, bila sevu, kwa sababu hapo imeandikwa wazi moto unazima. Nikazima taa ya sebule tukaendelea na tochi ya simu moja, na wale majambazi wakawa wanapiga hewa. Hiyo ilikuwa zamu bora kuliko ya mtu yeyote usiku ule na iko kwa maandishi neno kwa neno.

Fireball nitaipitia haraka. Inazunguka kona, ndiyo, kwa kitabu cha sheria cha 2014. Inawasha vitu vinavyoshika moto ambavyo hakuna mtu amevaa ama amebeba, kwa hivyo kanzu ya adui aliyoivaa haishiki, lakini pazia inashika, na ile mizigo mliyoweka chini mkasahau inashika pia. Pima kwanza: futi 20 ni karibu mita 6, kutoka ukingo hadi ukingo ni mita 12, na vyumba vingi mnavyopigania si vikubwa hivyo. Marafiki zako wako ndani.

Sasa ile nyingine inayonikera, ya "speli moja tu kwa zamu". Kwa kitabu cha 2014 hiyo sheria HAIKO. Kilichoko ni hiki: ukitumia speli kwa bonasi aksheni (kile kitendo kidogo cha ziada kwa zamu), zamu hiyo huwezi kutumia speli ingine isipokuwa kantripi (speli ndogo isiyokula sloti) ya aksheni moja, yaani kitendo kimoja cha kawaida. Sheria inaamshwa na bonasi aksheni, si idadi. Kwa hivyo ukiruka na Misty Step, ambayo ni bonasi aksheni, umejifungia, hakuna Fireball zamu hiyo, na hata riaksheni (kitendo cha kujibu) ya Counterspell, speli ya kuvunja speli ya mwingine, ndani ya zamu hiyo hiyo hakuna. Lakini usipogusa bonasi aksheni mlango uko wazi: unarusha Fireball, adui anakujibu na Counterspell, na wewe unamjibu Counterspell yake na Counterspell yako, hapo hapo ndani ya zamu yako, na ni halali kabisa. Mchawi mwenye levo mbili za fighter (mpiganaji) akitumia Action Surge, inayompa aksheni moja zaidi, anarusha Fireball mbili, na hiyo pia ni halali. Nimeona mchezaji akinyimwa hiyo kwa meza ya watu wengine na DM ambaye alikuwa ameisikia sheria kwa mtu, hakuwa ameisoma, na huyo mchezaji hakurudi tena, na mimi hiyo inaniuma mpaka leo kwa sababu alikuwa amejipanga wiki mbili kwa hiyo zamu moja.

Halafu kwa kitabu kipya cha 2024 wenye mchezo wakabadilisha. Sasa ni sloti moja ya kutumia speli kwa zamu, na Action Surge haikupi tena aksheni ya uchawi. Kwa hivyo ile "speli moja kwa zamu" imekaribia kuwa kweli, karibu lakini bado, kwa sababu kantripi haili sloti na speli ya bure kutoka kwa kifaa nayo haili. Na tafadhali tofautisheni zamu na raundi. Raundi ni sekunde 6 za kila mtu kwa pamoja, zamu ni yako peke yako. Umetumia sloti kwa zamu yako, halafu zamu ya adui unatumia Shield, speli ya kujikinga, kama riaksheni, hiyo ni zamu yake, hujavunja kitu kwa kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Mkianza kampeni, ile hadithi ndefu ya Jumamosi nyingi, semeni mnacheza kitabu gani. Na asiyekuwa na pesa ya kitabu, sheria za msingi za 2014 zilitolewa bure Januari 2023 chini ya Creative Commons, ni PDF, itume kwa grupu ya WhatsApp na kila mtu asome speli zake mwenyewe kabla ya kufika.

Lakini staki mtu afikirie kusoma kunamaliza kila kitu. Suggestion ya 2014, speli ya kumshawishi mtu afanye jambo, inasema pendekezo lako lazima lisikike la busara. Kwa masikio ya nani? Ya yule anayeambiwa, yangu, ama ya meza? Kitabu kinakatalia mambo ya kujidhuru waziwazi, kama kujichoma moto, lakini kati ya hapo na "nifungulie mlango" kuna uwanja mpana sana. Kile nafanya ni kumwambia mchezaji aseme hayo maneno yenyewe, kwa sauti, sentensi moja ama mbili jinsi speli inataka, na kwa lugha ambayo huyo askari anaelewa. Dada mmoja wa meza yetu alimwambia mlinzi wa geti, "Mzee, mvua hii inaweza kubeba nyumba yako na watoto wako ndani. Enda uwaone, geti haliendi mahali." Nikajikuta nimesimama kwa kiti. Mlinzi akafeli sevu, akaenda. Mwingine akisema tu "namwambia atuachie geti", bado namuuliza, "Unamwambiaje?" Sijui kama ni haki kwa mtu mpole ambaye maneno hayamtoki haraka, na nimewahi kubadilisha uamuzi wangu kwa sababu hiyo.

Na kuna ya kioo, ambayo inaninyima usingizi. Sheria ya jumla inasema ili kulenga kitu lazima njia iwe wazi, kisiwe kimezibwa kabisa. Kioo kimeziba. Ni kama dirisha la matatu, unamwona muuza njugu, unaona hata amekunja karatasi ngapi, lakini mpaka usukume kioo hakuna njugu itaingia. Misty Step inapita, kwa sababu unajilenga mwenyewe na pale unapoenda unapaona tu. Lakini Sacred Flame? Imeandikwa kiumbe unayemwona, na kwamba hafaidiki na kujikinga nyuma ya kitu kwa hiyo sevu. Ni kwa sevu tu, kwa hivyo kioo bado kinazuia? Ama mwanga unashuka kutoka juu na kioo cha mbele hakina maana? Nimeamua hivi kwa kampeni moja na vile kwa nyingine, na zote mbili nilisoma maandishi yale yale kwa makini.

Jumamosi hii wanaingia kwa hekalu lenye madirisha marefu ya kioo, adui yuko ndani, na yule kijana wa mitungi amenitumia meseji jana usiku saa tano: "DM, Sacred Flame inapita dirishani?" Bado sijamjibu.