Kutia maiti dawa baada ya kuchangia viungo: maana yake nini?

Mtu akifia Marekani na familia ikataka azikwe Moshi au Kisumu, kwa kawaida mwili hutiwa dawa kabla ya kupakiwa kwenye ndege. Sasa ikiwa marehemu alijiandikisha kuchangia viungo, ndugu huuliza: huo mwili utahifadhika kweli? Tutamwona?

Utahifadhika, na mara nyingi mtamwona. Ila kazi yenyewe hubadilika sana.

Kwa kawaida mtaalamu wa kuhifadhi maiti huchanja shingoni au kwenye kinena, huingiza mrija kwenye ateri (mshipa utoao damu moyoni), na mashine husukuma dawa yenye fomalini. Dawa hupita njia ileile ya damu mpaka ncha za vidole, nayo damu hutolewa kupitia veni (mshipa uirudishao moyoni). Hapo mashine ndiyo moyo. Fomalini hukaza protini za mwili na kuua bakteria, basi kuoza hucheleweshwa. Mara nyingi tundu moja latosha mwili mzima.

Upasuaji wa kutoa viungo huikata njia hiyo. Moyo, ini na figo hutoka pamoja na vipande vya mishipa mikubwa. Hata ateri za nyonga zaweza kuchukuliwa, maana anayepandikiza ini huenda akazihitaji kuungia mishipa ya mgonjwa. Ukisukuma dawa shingoni kama ulivyozoea, inamwagikia kifuani, kama bomba lililokatwa katikati ya shamba. Kwa hiyo mtaalamu huugawa mwili mafungu: shingo pande mbili kwa ajili ya kichwa, makwapa mawili kwa mikono, mapaja mawili kwa miguu. Matundu sita badala ya moja. Kiwiliwili hudungwa kwa sindano chini ya ngozi, na ndani hupakwa dawa ya jeli au ya unga.

Hayo ni ya viungo. Tishu, yaani mifupa, ngozi na macho, kwa maoni yangu, ndizo humtoa fundi jasho. Mifupa mirefu ya miguu ikitolewa, huwekwa fimbo za mbao au plastiki ili mguu usilegee, lakini mishipa iliyokuwa kando yake huwa imevurugika. Ngozi huchukuliwa tabaka jembamba tu, hasa mgongoni na mapajani, ila mahali hapo huvuja majimaji kama palipoungua. Hupakwa dawa, hukaushwa, kisha mwili huvishwa vazi la plastiki ndani ya nguo. Jicho likichukuliwa, chini ya kope hujazwa pamba au huwekwa kikombe kidogo cha plastiki. Dawa ikizidi, uso huvimba, na kuurudisha si rahisi.

Mpangilio haugeuzwi: viungo na tishu kwanza, dawa baadaye, kwa sababu fomalini huua chembe hai. Tishu nyingi huchukuliwa ndani ya takriban saa 24 tangu kifo, mwili ukiwa umewekwa kwenye baridi. Kisha huja kazi ya matundu sita, kwa hiyo msikate tiketi ya ndege haraka. Kwa Mwislamu anayezikwa hukohuko, mara nyingi hakuna dawa kabisa. Kinachobaki ni kuosha kwa uangalifu palipo na mshono.

Na nguo za kumvisha pelekeni za mikono mirefu, zenye kola ya kufunika shingo.